Banda la Mama nyuma ya hospitali, Temeke: wali wa nazi, maji ya kuchemsha na daftari la mwisho wa mwezi

Nimekula kwenye banda hili miaka sita, karibu kila siku ya kazi, kwa hiyo maoni yangu si ya mtu aliyepita mara moja akapiga picha sahani akaondoka. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali binafsi huku Temeke, Dar es Salaam. Banda liko nyuma ya ukuta wa hospitali, upande wa geti dogo la wafanyakazi, chini ya mwarobaini. Halina jina wala kibao. Ukimwuliza mlinzi "kwa Mama ni wapi", atakuonyesha kwa kidole bila kuuliza mama yupi.

Wali wake ni wa nazi ya kukuna, si ya pakiti. Ukifika saa moja kasoro asubuhi unamkuta binti yake amekaa juu ya mbuzi, vifuu vimejaa miguuni, anakuna bila kuinua kichwa. Maharage anayaunga kwa tui zito na kitunguu kilichoiva mpaka kimepotea, yanatulia juu ya wali, hayakimbilii pembeni mwa sahani. Mchicha hauivishi ukawa uji. Jumatano kuna kisamvu cha nazi na karanga, na hapo lazima uwahi, maana watu wa duka la dawa na wa eksirei wanakuja na vyombo vyao kubeba. Ijumaa ni pilau. Alhamisi ni dagaa wa Kigoma, anawakaanga wakavu kwanza kisha anawarudishia nyanya na pilipili hoho, na ugali wake wa sembe ni mgumu wa kushikika, hauachi unga mkononi.

Bei za sasa: wali maharage na mboga 2,500. Ukiweka nyama, 3,500. Ugali dagaa 2,500. Pilau ya Ijumaa 4,000. Chai ya tangawizi 500, chapati 500. Kuna kitu kingine ambacho mgeni hawezi kukijua: ukisema "Mama, nipimie nusu", unapata wali nusu sahani na mchuzi wa maharage juu, 1,500, na hakuangalii vibaya. Siku za kuanzia tarehe ishirini utasikia neno "nusu" linatajwa pale zaidi ya neno "karibu". Ukimwomba mapema anakuwekea na ukoko. Mimi ukoko wake naupenda kuliko wali wenyewe. Ni mwembamba, umeshika rangi ya kahawia bila kuungua, na mafuta ya tui yamejikusanya humo.

Ndani ya hospitali kuna kantini. Sahani ya wali nyama ni 5,500, chakula ni kizuri, feni zinazunguka. Madaktari wanakula huko. Sisi wa maabara tunakula kwa Mama, na sababu zipo mbili.

Ya kwanza inahusu kazi yenyewe. Mhasibu anaweza kufungua hotipoti yake mezani. Nesi anaweza kujibanza chumba cha kubadilishia nguo akanywa chai. Maabara huli. Huweki hata chupa ya maji ya kunywa juu ya meza, kwa sababu juu ya meza hiyo kuna makohozi, kinyesi, mkojo na damu za watu ambao hujui bado wana nini. Friji tunazo mbili, zote zina sampuli na vitendanishi, na mlangoni pamebandikwa karatasi: chakula marufuku. Kwa hiyo mtu wa maabara akitaka kula, lazima avue koti, alitundike, anawe, atoke nje. Ukiwa na dakika ishirini na tano, na nje ya chumba kuna foleni ya wagonjwa wameshika karatasi za vipimo, hutafuti mgahawa. Unataka mtu ambaye akikuona unatoka geti dogo ameshaanza kupakua. Mama yuko hivyo. Kutoka getini mpaka nimekaa na sahani, nimewahi kuhesabu, haikufika dakika tatu.

Sababu ya pili ni mshahara, na nitaufikia.

Kabla ya hapo niseme kuhusu usafi, maana kama kuna mtu wa kusikilizwa kwenye usafi wa chakula ni yule anayeangalia vinyesi vya watu kutwa nzima. Kila wiki naona mayai ya minyoo chini ya darubini. Naona ameba. Naona jiardia, vimelea vya kuharisha, kwa watoto waliokonda. Mtu ukishazoea kuviona hivyo, huwezi tena kukaa sehemu ukala kachumbari bila kujiuliza nyanya zimeoshwa na maji gani. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakula kwa Mama vitu vya moto tu. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na kata moja ya plastiki ambayo kila mteja aliichovya kwa mkono wake.

Siku moja nikamwuliza, "Shikamoo Mama. Samahani, haya maji huwa yanachemshwa?"

"Marahaba mwanangu. Hayo ni ya bomba, nayatia dawa."

Nikamweleza taratibu, wateja wakiwa wameshaondoka, kwamba dawa ya maji inasaidia kwa vidudu vingi, lakini ameba ikiwa imejifungia kwenye ganda lake inaweza kuivumilia dawa hiyo, na maji yakichemka haiponi. Nikamwambia pia kuhusu kata. Akaendelea kupangusa meza, kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, watu sitini kwa siku. Mkaa wa kuchemshia maji ya watu sitini nautoa wapi, na sahani yenyewe ni hiyo hiyo?"

Alikuwa na haki. Sikuwa na jibu siku ile. Wiki iliyofuata tukachanga watu saba wa maabara, kila mmoja 5,000, tukanunua ndoo mbili zenye koki, moja ya kunywa na moja ya kunawia, na sabuni ya maji. Mama mwenyewe ndiye aliyepata njia ya mkaa: maharage yakishaepuliwa asubuhi, jiko bado lina moto mkubwa ambao zamani alikuwa anauzimisha kwa majivu. Sasa sufuria ya maji inapanda hapo, inachemka, inafunikwa, na kufikia saa sita maji yamepoa. Kata imeondoka. Kachumbari anaiosha kwa maji hayo hayo. Cheti chake cha kupimwa afya kiko ndani ya mfuko wa nailoni, kimepigiliwa kwenye nguzo, na anakwenda kupima upya muda ukifika bila kusubiri bwana afya aje. Leo nakula kachumbari yake, na mwanangu nikimleta anakunywa maji yale. Kwa mtu wa kazi yangu, sifa kubwa kuliko hiyo sina.

Sasa mshahara.

Mtaani kwetu Chamazi wananiita dokta. Mama naye wateja wote wenye koti jeupe anawaita dokta. Nyumbani Muheza ndiyo usiseme, mimi ni "daktari wetu aliyeko Dar". Jina hilo linakuja na mzigo wake, kwa sababu mtu akisikia daktari anahesabu kichwani pesa ambazo mimi sizipati.

Mshahara wangu ni 600,000 kwa mwezi kabla ya makato. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia kumi, 60,000. Inabaki 540,000 ambayo ndiyo inayotozwa kodi, na kodi yake ni 24,000. Kinachoingia benki ni 516,000. Posho ya zamu ya usiku ni 10,000 kwa usiku, na haiji mwezi huo huo.

Kodi ya chumba kimoja chenye choo ndani ni 90,000, lakini mwenye nyumba anataka ya miezi sita, yaani 540,000 kwa mkupuo. Kodi hiyo ya chumba inazidi mshahara wangu wote wa mwezi mmoja baada ya makato, na inakuja mara mbili kwa mwaka. Nauli napanda magari mawili, Chamazi hadi Rangi Tatu, Rangi Tatu hadi Temeke, 600 na 600, kwenda na kurudi 2,400. Kwa siku ishirini na nne za kazi ni 57,600. Shule ya awali ya mtoto 50,000. Mama mzazi 50,000, hiyo haikosi hata kama mimi nakosa. Umeme na maji 20,000. Chakula cha nyumbani, mimi, mtoto na mdogo wangu wa kike, 120,000, na hapo tunabana. Kwa Mama nakula asubuhi chai na chapati, mchana wali maharage: 3,500 kwa siku, 84,000 kwa mwezi.

Jumlisha. Ni 471,600. Inabaki 44,400 ya sabuni, vifurushi vya simu, dawa, nguo za mtoto, mchango wa msiba na mchango wa harusi. Mwezi ukiwa na msiba mmoja mkubwa, hesabu imekufa.

Nilisoma miaka mitatu kupata stashahada. Ada ilikuwa 1,400,000 kwa mwaka. Enzi zetu stashahada ya maabara haikuwa na mkopo wa serikali, dirisha la mikopo ya stashahada lilikuja kufunguliwa mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa baadhi ya fani tu. Baba alikodisha shamba lake la machungwa kwa misimu mitatu, akawa anapita kila siku kando ya miti aliyoipanda mwenyewe huku wengine wanachuma. Mshahara wangu wa kwanza, 2019, ulikuwa 400,000.

Mwenzangu wa meza ya pili ana shahada. Mshahara wake ni 850,000, na watu wanadhani ametuacha mbali. Juzi tulikaa kwa Mama tukapiga hesabu nyuma ya risiti. NSSF 85,000. Kodi 69,250. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu asilimia kumi na tano, 127,500. Kinachobaki ni 568,250. Kwa hiyo miaka ya chuo kikuu inamwingizia mfukoni 52,250 zaidi yangu kwa mwezi, mpaka deni la Bodi liishe. Aliikunja ile risiti akaitia mfukoni, akaomba nusu.

Mei Mosi ya 2025 nilikuwa nimetoka naiti, nimekaa pale nakunywa chai. Redio ya Mama ilikuwa juu. Rais Samia alikuwa Singida, akatangaza kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Makofi redioni. Pale bandani tulikuwa watu wa hospitali binafsi tupu. Mfanya usafi wa wodi ya wazazi akauliza, "Na sisi?" Sisi ilikuja baadaye: kuanzia Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kimetoka kwa wastani 275,060 kwenda 358,322. Kwa yule mfanya usafi ni jambo kubwa, nilifurahi naye. Kwa sisi wa maabara, kwa kuwa tuko juu ya kima hicho, hakuna kilichosogea. Ila bei ya mchele ilisogea, na ya mkaa.

Ndiyo maana napima banda hili kwa kitu kimoja ambacho mgahawa mwingine haupimwi nacho. Daftari.

Ni kaunta buku la jalada jekundu, kona zimelika, linakaa ndani ya ndoo tupu ya mafuta ya kupikia ili lisilowe. Mama haandiki majina. Anaandika anavyotujua yeye: "Maabara miwani". "Eksirei mrefu". "Dawa mpole". Mimi ni "Vidole". Jina hilo alinipa wiki ya kwanza, alipoona ncha za vidole vyangu zina zambarau ya Giemsa, ile rangi tunayopakia vioo vya malaria. Glavu ilikuwa imetoboka na sikujua. Akaniuliza, "Wewe, umepiga kura leo?" Rangi ile haitoki kwa sabuni, inakwisha yenyewe na ngozi.

Mbele ya jina kuna tarehe na kiasi. Hakuna riba. Hakuna dhamana. Mshahara ukiingia, unakwenda, unahesabu naye, anapiga mstari kwa kalamu nyekundu, anakwambia "asante mwanangu, Mungu akuongeze". Kila mwezi.

Ili mjue thamani ya hilo, nitasema na upande wa pili. Mwaka 2023 mtoto aliugua nikachukua mkopo wa kausha damu, 200,000. Niliacha kadi yangu ya benki kwao na namba yake ya siri. Mwezi mmoja, marejesho 260,000. Siku ya mshahara walikwenda wenyewe kwenye mashine kabla yangu, wakatoa chao. Kwa kazi yangu mimi hutoa watu damu kutwa, nachagua mshipa, nafunga kamba, nawaambia pole. Wale hawakuniambia pole. Miezi minne ilipita ndipo nikasimama, na katika miezi hiyo minne nilikula kwa Mama kwa daftari kila siku. Hakuniuliza kitu. Ila niliona sahani yangu ya nusu inakuja imejaa.

Kuna mwaka mwingine mshahara wa Februari ulichelewa mpaka tarehe 13 Machi. Hospitali ilikuwa na sababu zake, walituita wakatueleza, lakini maelezo hayalipi nauli. Siku ile deni langu kwenye daftari lilikuwa 78,500. Nikajua hapo kwamba Mama ndiye aliyetufanya tufike kazini wiki mbili zile. Sampuli zilipimwa, majibu yalitoka, wagonjwa walipata dawa, na aliyelisha waliofanya hayo yote ni mtu ambaye hayumo kwenye orodha yoyote ya hospitali.

Kuna usiku mmoja nitausimulia. Naiti ya maabara ni mtu mmoja. Unachukua damu mwenyewe, unapima mwenyewe, unaandika majibu mwenyewe, simu ya wodini unapokea mwenyewe. Saa nane usiku wakanipigia kutoka leba: mama amejifungua, damu haikatiki, wanahitaji chupa mbili haraka. Nikapima kundi, nikaanza kulinganisha damu yake na iliyopo kwenye friji. Kipimo hicho kikifanywa chote kwa utaratibu wake hakipungui sana chini ya dakika arobaini na tano, na kila dakika nesi anasimama mlangoni hasemi kitu, anakutazama mikono. Chupa ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Wakati huo huo mtoto mwenye degedege ameletwa, BS yake, yaani kipimo cha malaria, ilikuwa imejaa vijidudu kioo kizima. Sikukaa mpaka kumepambazuka. Tangu saa kumi na mbili jioni sikuwa nimetia kitu mdomoni, kwa sababu sikupata hata nafasi ya kuvua koti.

Nilipotoka saa mbili asubuhi miguu ilikuwa inatetemeka. Mama akanitazama mara moja. Akatoa bakuli lililofunikwa kwa sahani: ukoko wa wali wa jana, ameupasha juu ya makaa, na mchuzi wa nyama, na vipande vya nyama vitatu. Nikamwambia Mama, sina hela ya nyama. Akasema, "Nani amekuuliza hela. Kula kwanza." Kwenye daftari siku ile aliandika 1,500. Yule mama wa leba alitoka hospitali siku ya nne, na mtoto wake wa kiume.

Tangu hapo tumepanga utaratibu, na huu ni ushauri kwa wenzangu wote wa zamu za usiku. Ukimwambia kabla ya saa kumi na mbili jioni, anakuandalia hotipoti, analiacha kwa mlinzi wa geti dogo, 2,500, na asubuhi unamrudishia chombo. Mimi hutoka hata dakika kumi, nanawa, nakula kibandani kwa mlinzi, narudi.

Kasoro zipo, na ningekuwa sitendi haki nikizificha. Masika pakinyesha, turubai linavuja upande wa kulia, na benchi lile ukikaa unainuka umelowa. Meza ni tatu tu, saa saba mchana utasimama. Vipande vya nyama vimekuwa vidogo tangu mwaka jana, kutoka vinne hadi vitatu, na bei haikushuka. Niliposema, alinijibu wazi kwamba angepandisha bei angetupoteza nusu yetu, akaona apunguze kipande. Naelewa, lakini mgeni asije akidhani atashiba nyama. Chenji ni taabu, nenda na noti ndogo. Na choo hakuna, wateja wasio wa hospitali inabidi waende mpaka kwenye maduka barabarani.

Kasoro nyingine ni yetu sisi wateja, na hii inaniuma. Mwaka jana kijana mmoja wa idara yetu alipata kazi mkoani. Alikuwa na deni la 62,000. Akaondoka Ijumaa, Jumatatu simu haipatikani. Mwezi ule Mama alikwenda kuchukua mchele kwa mwenye duka, akakataliwa, kwa sababu na yeye anakopa huko, na alikuwa hajalipa kwa kuwa sisi hatujamlipa. Siku mbili banda lilikuwa na chai na chapati tu. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda chake, mikono mapajani, jiko moja tu linawaka. Tulichanga tukalipa zile 62,000, haikuchukua hata saa moja kuzipata. Kijana yule ni mpimaji mzuri, mikono yake ni myepesi, najua mshahara wake ulivyokuwa, najua hakuondoka kwa ubaya. Lakini ng'ombe wa maskini hazai, na Mama naye ni maskini kama sisi, tena yeye hana hata hiyo NSSF. Sasa mteja mpya wa daftari anatakiwa aje na mtu wa zamani wa kumdhamini, na deni lisizidi 50,000. Nimeunga mkono.

Kwa chakula nampa nyota nne, ile moja imekwenda na turubai na vipande vya nyama. Kwa usafi nampa tano, na mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kumnyima. Kwa huduma nampa tano.

Ukitaka kwenda, fika kabla ya saa sita na nusu au baada ya saa nane. Jumatano wahi kisamvu. Jumapili hafungui, yuko kanisani na jioni yuko Tandika sokoni. Usiombe daftari siku ya kwanza. Ukiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo mwambie, wanafunzi anawapimia nusu kwa 1,000.

Leo ni tarehe 24. Asubuhi nilichungulia ukurasa wangu: 43,500. Mama ameniomba nimkumbushe mlinzi kuhusu hotipoti la kijani, maana usiku wa leo niko zamu, na kesho ni Alhamisi, kuna dagaa.